Sukari Iliyojificha Kwenye Mtogwa

Jina langu ni Eliza, ingawa wengi wananiita Mama Tusekile. Nimeeleza mara nyingi jinsi nilivyougua na nilivyoinuka: kanisani, kliniki, hata sokoni nikiwa nimeshika kapu. Sasa naandika, kwa sababu mdomo wangu haufiki mbali. Ukiona naeleza polepole sana, nivumilie. Mimi nilielezwa ugonjwa wangu kwa haraka, nikaelewa nusu, na hiyo nusu niliyoikosa ilikaribia kunizika.

Nilizaliwa Ilula, kwenye barabara ya kwenda Iringa mjini. Nyumbani tulilima nyanya na vitunguu, na nilikua nikikimbilia magari yanaposimama, beseni la nyanya kichwani. Miaka ya mwanzo ya sabini niliolewa na Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, kibarua katika mashamba ya majaribio pale Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Tukapanga vyumba viwili, nami nikafungua kibanda cha chai kando ya barabara kuu. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori na utingo wao. Uyole ina baridi ya kuuma mifupa, kwa hiyo hawakutaka mchezo: chai ya maziwa iliyokolea sukari, maandazi ya moto, na viazi vya kuchemsha.

"Mama Tuse," dereva mmoja alizoea kusema, "chai yako ukitia kijiko kinasimama wima kama askari wa gwaride!"

"Wewe ukitaka maji matupu, mto uko kule," nilimjibu, na kibanda kizima kikacheka.

Nilikuwa mnene kidogo, mwenye nguvu na maneno mengi. Tulikuwa na binti yetu Tusekile, na baada yake tukapata mvulana, Lusajo. Lusajo aliugua surua akafariki kabla hajaanza kutembea.

Kwenye msiba wanawake walikuja na unga, majani ya chai na sukari. Ndivyo tunavyofarijiana, mtu haji mikono mitupu. Walipoondoka, walituachia nyumba kimya na sukari tele. Kila aliyepita kunisalimia alisema maneno yaleyale: "Kunywa chai, mwenzetu, upate nguvu. Na usimtajetaje mtoto, utajiumiza." Nikatii yote mawili. Sikumtaja Lusajo, na nikanywa chai.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo ugonjwa wangu ulipopata mlango. Chakula cha kawaida kilinishinda. Maharage na mboga nilivitazama tu. Lakini uzito wa majonzi uliponikalia kifuani, nilijipikia kikombe cha chai tamu na kula andazi, wakati mwingine matatu yaliyobaki bila kuuzwa. Na kweli, uzito ulipungua. Kwa muda mfupi nilijisikia mtu. Kisha, kabla jua halijasogea sana, nilianguka chini kuliko mwanzo. Mikono ililegea, kichwa kikauma, nikalia au nikagombana na yeyote aliyekuwa karibu. Dawa yangu ilikuwa nini? Kikombe kingine.

Mtu aliyewahi kupika kwa mabua ya mahindi atanielewa. Mabua yakishika moto yanawaka kwa kishindo, sufuria inachemka, unafurahi. Ukigeuka kuchukua mwiko, ni majivu. Unaongeza mengine, na mengine tena, na kutwa nzima unapuliza moto huku moshi unakutoa machozi. Nami niliishi hivyo kwa miezi mingi, nikidhani ninachougua ni msiba peke yake.

Kisha kiu ikaanza. Haikuwa kiu ya jua. Nilikunywa kata nzima ya maji, nikaishusha, na ulimi bado ulikuwa mkavu kama gunzi. Nilikwenda chooni mara nyingi kiasi cha kuona aibu mbele ya majirani. Chungu wadogo wakaanza kujipanga pale nilipokojoa. Nikawamwagia majivu, wakarudi. Nikapata majipu kwapani, na muwasho sehemu za siri ambao sikuthubutu kumwambia mtu, hata mume wangu. Unene ukayeyuka hadi kitenge nikakizungusha mara mbili kiunoni. Miguu iliwaka kama nimekanyaga upupu. Macho yakafanya ukungu, nikawa namrudishia mteja kikombe kisichokuwa chake.

Hasira ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Yule dereva wa kijiko aliponitania kama kawaida yake, nilimrushia kikombe. Kilimkosa kikapasukia kwenye nguzo. Hakukasirika. Alisema taratibu, "Mama Tuse, wewe unaumwa. Huyu siye wewe."

Majirani walisema nimeishiwa damu kwa sababu ya majonzi. Wakaniletea uji wenye sukari, soda, na glukosi ya unga ya kukoroga kwenye maji. Nilivyozidi kukonda ndivyo walivyozidi kukoroga.

Asubuhi moja nilikuwa nakaanga maandazi. Mafuta yalikuwa yanachemka, na Tusekile, aliyekuwa hajaanza shule, alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa jiko. Nilisikia masikio yakivuma, na kibanda kikageuka. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, na utingo mmoja alikuwa amembeba Tusekile juu, mbali na karai. Mtoto hakuungua. Alikuwa ananitazama tu, amekakamaa mikononi mwa mtu asiyemjua, wala halii.

Jioni Ambakisye alikaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama Tuse, mtoto aende kwa mama yangu, Tukuyu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka upone."

"Na nisipopona, Baba Tuse?"

Alianza kukunja nguo za mtoto na kuzifunga ndani ya kanga yangu.

Mama mkwe wangu alikuja mwenyewe kumchukua. Alikuwa mjane, mkulima wa migomba na kahawa, mwenye sauti nzito na maneno machache. Alinitazama, akasema, "Sikunyang'anyi mtoto. Lakini mtoto halelewi na mtu anayeanguka. Siku ukisimama, njoo wewe, kwa miguu yako. Ambakisye akija peke yake simtoi." Wakaondoka. Tusekile hakugeuka nyuma.

Ndipo nikakubali kwenda hospitali, Mbeya mjini. Nilipewa kichupa nikakojolea. Mtu wa maabara alimimina kidogo kwenye maji ya buluu ndani ya kijaribio cha kioo, akakipasha moto. Nikaona kwa macho yangu buluu ikigeuka kijani, kijani ikawa njano, njano ikaishia kwenye rangi ya tofali la kuchoma. Nje mstari wa wagonjwa ulikuwa umezunguka jengo, na daktari alikuwa mmoja. Alisema, "Mama, una kisukari. Acha sukari kabisa. Ugali, viazi na ndizi upunguze. Meza hivi vidonge." Akaita mwingine.

Simlaumu. Alisema kweli yote. Ila mimi nilisikia "acha sukari" kwa moyo wangu wote, na hilo la ugali likapita juu ya kichwa. Sisi watu wa Iringa ukituambia tupunguze ugali tunadhani unatutania. Tukipunguza, tule nini?

Ambakisye alinipeleka Ilula kwa mama yangu nikauguzwe. Mama alipokea habari ya sukari kama amri ya jeshi. Alikusanya sukari yote iliyokuwa ndani akampa jirani. Mgeni akija na kifurushi, mama alikipokelea mlangoni na kukificha kabla sijakiona. Alijivunia kazi yake. "Nyumba hii," aliwaambia watu, "hata chungu wakija watakufa njaa."

Ilikuwa masika, msimu wa ulanzi. Kwa asiyejua, ulanzi ni utomvu wa mwanzi: mkulima anakata ncha ya chipukizi, anafunga kikombe cha mwanzi, na utomvu unadondoka kutwa na kutwa. Ukikaa unachachuka na kulevya. Lakini ukinywewa ungali mbichi unaitwa mtogwa, na huo hata mtoto na mgonjwa wanapewa. Ni mtamu, baridi, unapita kooni kama baraka. Mama aliniletea mtogwa kila asubuhi, na adhuhuri, na jioni.

"Mama, mbona mtamu hivi?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Utamu wake ni wa Mungu. Hii haijawahi kuonana na duka. Imetoka kwenye mwanzi imeingia kwenye kikombe. Kunywa, mwanangu, kiu hiyo itaisha."

Nikanywa. Na juu yake ugali wa sembe mkubwa kama kichwa cha mtoto, viazi vitamu, na togwa ya ulezi Jumapili. Kijiko cha sukari hakikugusa ulimi wangu. Tulikuwa na uhakika kwamba tunafuata masharti, mama na mimi.

Vidonge havikusaidia. Kiu ilizidi, nami nikaizima kwa mtogwa. Kisha kikaja kichefuchefu, na maumivu ya tumbo ya kunikunja. Nikatapika hadi ikatoka nyongo. Nikaanza kuhema kwa kina, haraka, kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Mama aliinamia uso wangu akashangaa. "Mbona pumzi yako inanuka kama matunda yaliyooza?"

Walinipandisha kwenye lori la nyanya lililokuwa linakwenda Iringa. Nililala katikati ya matenga, kichwa kwenye mapaja ya mama. Nakumbuka harufu ya nyanya, na mama akinipigapiga mashavu. Nakumbuka nilimwambia jambo moja: "Tuse atanisahau." Naye akajibu kwa ukali, "Nyamaza, hifadhi pumzi." Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilizinduka wodini nikiwa na dripu mkononi. Waliniambia nililetwa nikiwa siitiki. Nilikuwa napewa maji ya mshipa na sindano za insulini. Nesi aliyenihudumia aliitwa Yusta, mama wa makamo kutoka upande wa Njombe, mwenye kicheko kidogo na macho yanayoona kila kitu. Kila aliponisalimia "Kamwene" alingoja nijibu, hata kama kujibu kulinichukua dakika nzima.

Nilianza kupata nafuu, halafu ghafla sukari ikapanda tena. Nesi Yusta akazunguka kitanda changu kama askari. Akamwona mama anaingiza mkono ndani ya kanga.

"Mama, umeficha nini?"

"Sijaficha sukari! Naapa, sukari sijamgusisha huyu tangu aje kwangu."

"Nimeuliza nini, sijauliza sukari."

Mama akatoa chupa. "Ni mtogwa tu. Mtoto hali, nifanyeje? Hata wewe, nesi, si mtu wa huku? Umekua unakunywa."

Nesi Yusta aliitazama chupa, akanitazama mimi. Hakufoka. Alimshika mama mkono. "Njoo," alisema. Akanisaidia na mimi kuketi ili nione. Alileta taa ya spiriti na kijaribio chenye yale maji ya buluu, akamweleza mama kwamba yakikutana na sukari yanageuka rangi, akadondoshea matone machache ya mtogwa, akapasha moto.

Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Kisha ikaja rangi ya tofali, nzito kuliko ya mkojo wangu kule Mbeya.

Mama alisimama akitazama. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namuua."

"Hapana," alisema Nesi Yusta. "Ulikuwa unampa ulichoambiwa kuwa ni kizuri. Lakini tumbo, mama, halijui duka. Halijui kama utamu umepimwa kwa mizani au umedondoka kwenye mwanzi. Likiupokea, ni sukari."

Mama alitoka nje na chupa. Alirudi nayo ikiwa tupu, akaketi pembeni ya kitanda, akasema, "Nifundishe pole pole. Mimi sikusoma." Na Nesi Yusta akafundisha, siku nyingi, akirudia pale tulipokwama. Mimi nawapa ninyi kama alivyotupa sisi.

Ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi na mkate vyote vina wanga. Ulimi unaweza usionje utamu, lakini tumboni wanga unavunjwa ukawa sukari, unaingia kwenye damu, na ndio unaotupa nguvu za kulima na kutembea. Wanga si adui. Mwilini kuna kitu kinachofungulia sukari milango iingie kwenye nyama za mwili. Kitu hicho ndicho insulini. Kwangu mimi kilikuwa kimeisha au kimechoka. Sukari ikabaki mitaani, yaani kwenye damu, inazurura, huku nyumba zikilala na njaa. Ndiyo maana nilikonda huku nakula. Sindano inafanya kazi hiyo ya kufungua milango. Lakini ukileta umati mkubwa kwa mara moja, milango inaelemewa.

"Na machozi yangu?" nilimwuliza. "Nayo ni sukari?"

Alivuta kigoda. "Mengine ndiyo. Sukari ikipanda na kushuka kama kichaa, moyo nao unapandishwa na kushushwa. Lakini si yote. Nani amekufa nyumbani kwako?"

Nikasema, "Lusajo." Sikuwa nimelitamka jina hilo tangu tulipomzika. Nikalia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akalia. Nesi Yusta hakuniambia ninyamaze, wala hakuniletea kitu cha kunywa. Alikaa tu. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka, lakini uchovu huo haukuwa kama ule wa baada ya chai. Huu ulikuwa na sakafu chini yake. Nilisimama juu yake.

Nilirudi Ilula nikiwa na bomba la sindano la kioo la kuchemsha na kichupa cha insulini. Mama alikiweka ndani ya chungu kidogo, na chungu juu ya mchanga wenye maji, kwenye pembe yenye baridi ya nyumba. Alinipakulia upya. Ugali wa dona badala ya sembe, usiozidi ngumi yangu. Maharage mengi, majani ya maboga, mnavu, dagaa, yai likipatikana, parachichi, karanga za kutafuna, maziwa mgando bila kitu. Chakula hiki hakiwaki kama mabua. Kinawaka kama kuni za muwati, mti mgumu wa kwetu: polepole, na ukirudi baada ya kazi bado kuna kaa.

Uzito wa kifuani haukuondoka eti kwa kuwa nimejua chanzo chake. Ulikuja, hasa alasiri, saa ile niliyozoea kikombe changu. Nilitetemeka kwa hamu. Nesi alikuwa ameniambia nisikae nayo ndani, kwa hiyo nilikunywa maji na kutoka. Mama alinifuata na jembe. Tulitembea hadi shamba la nyanya, jua likinipiga mgongoni, tukafunga miche kwenye miti, tukarudi. Siku nyingine nilitembea huku nalia, na mama akatembea tu pembeni. Nikaanza kwenda kwenye kwaya ya akina mama. Mwanzoni sauti haikutoka, nilisimama katikati yao nikisikiliza vifua vyao vikitetema. Usingizi ukarudi. Siku moja nilicheka, nikashtuka kama nimesikia mgeni ndani ya nyumba.

Nisikudanganye kwamba nilipanda moja kwa moja. Ilipofika tarehe aliyozaliwa Lusajo, nilikaa nyuma ya nyumba nikamaliza sahani ya viazi vitamu peke yangu. Usiku kucha nilikwenda kukojoa, asubuhi nilimfokea mama bila kosa, na jioni nilitamani kufa. Kesho yake mama alipakua ugali wa ngumi moja kama kawaida.

Masika mengine yalipokwisha, nilikwenda Tukuyu.

Kule mvua haiishi na migomba imefunika nyumba. Mama mkwe alinipokea uani. Tusekile alikuwa nyuma yake, ameshika kanga ya bibi yake, amerefuka, anaongea Kinyakyusa. Nilichuchumaa nikamwita. Hakuja.

"Mwache," alisema mama mkwe. "Kwanza ule."

Alikuwa ameandaa kama kwa mgeni wa heshima: ndizi zilizopikwa zikajaa sinia, ndizi mbivu pembeni, na chai ya maziwa iliyokwisha tiwa sukari. Kukataa chakula cha mama mkwe ni kumtukana ndani ya nyumba yake. Nilijua kabisa. Nikamwomba ruhusa, nikachukua vipande viwili vya ndizi, nikavizungushia maharage na mboga, nikasukuma kikombe taratibu.

"Mama, naomba maziwa matupu. Chai hii kwangu ni sumu."

"Sumu? Chai yangu?"

"Si chai, mama. Sukari iliyomo."

Alikaza macho. "Mtu anayekula kama kuku anayechagua mtama, atambeba mtoto kwa nguvu gani?"

"Kesho nipe jembe, utaona."

Alinipa. Tulipanda ngazi za mlima kwenda kupalilia kahawa, yeye mbele, mimi nyuma, Tusekile akitufuata mbali. Nililima vizuri, tena kwa majivuno, nilitaka aone. Hapo ndipo nilipojisahau. Asubuhi nilikuwa nimejidunga sindano, nikala kidogo, kwa kuona aibu ya kuomba chakula changu tena, na sasa nalima kama watu wawili. Jasho jembamba likanitoka kwenye mdomo wa juu. Vidole vikatetemeka. Moyo ukaenda mbio. Hii haikuwa sukari nyingi. Hii ilikuwa sukari iliyoisha.

Niliketi chini. Nyuma yangu Tusekile alipiga kelele, "Anaanguka! Bibi, anaanguka tena!"

"Sianguki, Tuse. Nimekaa. Nitazame."

Nilifungua fundo la kanga nikatoa kikaratasi cha sukari na kuimimina mdomoni. Mama mkwe akatupa jembe.

"Kumbe! Sukari uliyoikataa kwenye kikombe changu unailamba porini!"

Nilimwonyesha mkono wangu ukitetemeka. Ulimi ulikuwa mzito lakini nilieleza. "Dawa ninayojidunga inashusha sukari. Nikilima sana bila kula, inashuka kupita kiasi, na hapo naweza kufa pia. Saa hii peke yake, hii ndiyo dawa. Subiri kidogo, mama. Tazama mkono."

Wakautazama wote wawili. Tusekile alisogea hatua moja, akasimama, akasogea tena. Tetemeko likapungua, likapungua, mkono ukatulia. Nilitafuna karanga zilizokuwa kwenye fundo hilohilo na viazi viwili baridi kutoka kwenye kapu tulilokuja nalo, nikapumzika, nikashika jembe.

Mama mkwe hakuokota lake. Alikuwa amekaa kwenye kisiki.

"Hiyo kiu yako ya kwanza," alisema. "Chungu walikuja chooni?"

"Walikuja, mama."

"Walikuja na kwa baba yake Ambakisye. Alikuwa analilia maji kutwa. Mimi nilimkamulia miwa. Kila siku nilimkamulia miwa, nikimwambia kunywa, baba, upate nguvu. Tulipomzika tuliwatafuta wachawi mpaka ukoo ukagawanyika."

Nilikwenda nikakaa karibu naye, kama Nesi Yusta alivyokaa karibu nami. Alijifuta uso kwa kanga. "Mchukue mtoto," alisema. "Na huyo mwanangu umpeleke akapimwe. Akikataa, mwambie nimesema mimi."

Ambakisye alipimwa, na maji yake yalibaki buluu. Tusekile tulirudi naye Uyole. Haikuwa furaha ya mara moja. Kwa miezi mingi alilala akinitazama, na kila nilipoketi ghafla aliacha mchezo wake akaja kusimama mlangoni. Sikumkemea. Nilimfundisha dalili zangu zote mbili, ya kiu na ya jasho, na akajua kikaratasi kinakaa wapi. Kibandani niliendelea kuuza chai, ila sukari nikaiweka pembeni kila mteja ajitilie, na nikaongeza maharage na mboga. Madereva walinung'unika, kisha wakala.

Namshukuru Mungu, mama yangu, Nesi Yusta popote alipo, na mama mkwe aliyenipa jembe. Wewe unayesoma, kama una kiu isiyoisha, unakojoa sana na unakonda, usijitibu kwa uji wala glukosi, nenda ukapimwe. Ukiwa na dawa usiiache kwa sababu umesikia mboga zinatosha. Mboga zilinisaidia, kutembea kulinisaidia, jua na kwaya na kulitaja jina la mwanangu kulinisaidia, lakini sindano sijaiacha. Na kama huna kisukari, ila unajikuta kila ukihuzunika mkono unakwenda kwenye kitu kitamu, jaribu kwanza kutoka nje na mtu akutembeze. Ukimwelimisha mgonjwa, mwulize kwa jina vitu vyote anavyokunywa, hata vile visivyouzwa dukani.

Sijapona kama mtu anavyopona homa. Alasiri nyingine bado ni nzito. Lakini Tusekile nilimlea mwenyewe.